Ndwele ya Pwani, Indwara ya Biryogo

Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Methali hii inatembea kutoka Lamu hadi Bujumbura, na mara nyingi hutolewa pale wazee wanapopatanisha ndugu waliokosana. Kila mtu anaielewa. Lakini mwulize kijana aliyeitamka ndwele ni kitu gani, na kuganga ni kufanya nini, utamwona akisita. Maneno yote mawili ni ya tiba. Ndwele ni ugonjwa, na kuganga ni kuuguza na kuponya. Katika mazungumzo ya kila siku tumeyaweka kando: mtu huugua au huumwa, hupelekwa hospitali, hutibiwa. Ndwele imebaki kwa washairi na kwa methali.

Katika mtaa wa Biryogo, Kigali, neno hilo halijastaafu. Ukikaa kwenye benchi la kituo cha afya asubuhi, utalisikia kila mgonjwa anapoitwa ndani, ila limevaa sauti za Kinyarwanda. Mhudumu anauliza: "Urwaye iki?" Unaumwa nini? Mama mwenye mtoto mgongoni anajibu: "Ndwaye mu nda." Naumwa tumbo. Ugonjwa wenyewe kwa Kinyarwanda ni indwara, kuugua ni kurwara, na mgonjwa ni umurwayi. Ndwele na indwara ni neno moja lililopita njia mbili, na mtaa huu ni mahali pazuri pa kuzitazama njia hizo zikikutana tena.

Biryogo iko Nyamirambo, upande wa Kigali ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi kadhaa. Kigali yenyewe iliwekewa msingi mwaka 1907 na Richard Kandt, Mjerumani aliyesomea udaktari kabla ya kuwa msafiri na mtawala. Pamoja na Wajerumani walikuja askari, wapagazi na wafanyabiashara kutoka pwani na kutoka miji ya njia ya misafara, na wengi wao walikuwa Waislamu. Msikiti wa al-Fatah ulijengwa mwaka 1913. Watu wa mtaa huu waliitwa Waswahili hata kama mababu zao hawakuiona bahari, kwa kuwa machoni pa majirani Uislamu na Kiswahili vilikuwa kitu kimoja. Miaka zaidi ya mia baadaye, mwaka 2017, Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi. Biryogo ilikuwa imeshakizungumza muda wote huo, bega kwa bega na Kinyarwanda, katika nyumba moja na mara nyingi katika sentensi moja.

Kwa hiyo mtoto wa Biryogo anakua na lugha mbili za familia moja, na bila kujua anabeba kichwani malighafi ya ufundi ambao nauheshimu sana: ufundi wa kutafuta asili ya neno. Ni kazi ya watu wanaokaa na silabi moja kwa miaka, wakikataa kusema neno hili limetoka pale mpaka kila sauti iliyomo iwe imepewa sababu yake.

Wengi wetu tunapozungumzia asili ya maneno huanza na kuishia kwenye kufanana. Neno hili linafanana na lile, basi ni ndugu. Fundi haanzii hapo. Chukua daktari kwa Kiswahili na dogiteri kwa Kinyarwanda. Yanafanana kuliko ndwele na indwara, tena yana maana moja. Lakini yote mawili ni wageni kutoka Ulaya: lile la Kinyarwanda lilifika kwa Kifaransa, na la Kiswahili likafika kwa njia nyingine. Kufanana kwao kunatueleza habari za wakoloni, na hakusemi lolote juu ya undugu wa lugha zetu. Ndiyo maana fundi hatafuti mfanano. Anatafuta tofauti inayojirudia.

Tofauti kati ya Kiswahili na Kinyarwanda ziko nyingi, na zina nidhamu. Mvua ni imvura. Njaa ni inzara. Kuzaa ni kubyara. Tazama mwisho wa kila jozi: Kinyarwanda kina r, na Kiswahili hakina kitu, ni irabu mbili tu zilizobaki zimekaa pamoja. Waganda nao husema enjala na okuzaala, na Wachewa wa Malawi husema mvula na njala. Ushahidi unaelekea upande mmoja. Zamani palikuwa na sauti hapo, sauti ya jamii ya l. Malawi na Uganda bado ni l, Rwanda imekuwa r, pwani imeyeyuka. Jozi moja ingeweza kuwa bahati, na hata mbili. Zikifika makumi, zote zikitii mwendo uleule, bahati haitoshi tena kuzieleza.

Sasa rudi kwenye benchi la kituo cha afya. Mhudumu amesema urwaye, kwa r. Mama amejibu ndwaye, kwa d. Kitenzi ni kilekile. Kilichobadilika ni kwamba anayesema "mimi" huweka n mbele, na n ikikutana na sauti ile ya zamani huishikilia na kuigeuza d. Msemaji wa Kiswahili ambaye hajawahi kusikia Kinyarwanda anaijua kanuni hii tangu utotoni, ila hajaambiwa kwamba anaijua. Ulimi mmoja, ndimi mbili. Ukuta mrefu, nyumba ndefu. Wanyarwanda nao husema ururimi, na wingi wake indimi. Kanuni ni moja kwa wote.

Hapo ndipo ndwele inapofunguka. Kamusi za Kiswahili zimehifadhi umoja wake, uwele, na mtu mwenye uwele, mwele. Katika uwele na mwele, l ya mwanzo wa mzizi imeyeyuka, kama ilivyoyeyuka mwisho wa mvua na njaa. Katika ndwele haikuyeyuka, kwa sababu n ilikuwa imeishika. Uwele na ndwele ni kama ulimi na ndimi. Kwa Kinyarwanda, umurwayi ana r, indwara ina d, kwa sababu ileile hasa. Lugha mbili zilizotengana kitambo, moja ikaenda kuvua na kufanya biashara na Waarabu, nyingine ikakaa kwenye vilima na ng'ombe, zimeendelea kutii amri moja ya mababu kwenye neno la ugonjwa. Mara ya kwanza nilipoupata mlolongo huu niliuandika kwenye karatasi na kuusoma kwa sauti, kwa furaha tu ya kusikia jinsi unavyoshikana.

Mafundi wamekwenda mbali zaidi ya jozi moja. Okulwala kwa Waganda, ukulwala kwa Wabemba wa Zambia, kudwala kwa Wachewa, okurwara kwa Wanyankole: kote huko ni kuugua. Wakiyaweka maneno haya pamoja, na kulipa kila moja kanuni za lugha yake, wanapata mzizi wanaouandika *-duad-. Kile kinyota cha mbele kina uzito. Kinasema neno hili hakuna aliyelisikia, wala halipo katika maandishi yoyote. Tumelijenga kutokana na watoto wake. Kila fundi wa kazi hii huweka kinyota hicho, na kwa kukiweka anamwambia msomaji wazi ni wapi ushahidi unaishia na hesabu inaanzia. Sijui taaluma nyingine iliyoweza kuuweka uaminifu wake katika alama ndogo kiasi hicho.

Ufundi wenyewe ulijengwa na mikono mingi. Wilhelm Bleek aliitumia mwaka 1862 kanuni ya kulinganisha ngeli na sauti, na jina Bantu kwa jamii nzima ya lugha hizi likaenea kutokana na kazi yake. Carl Meinhof, mchungaji wa kijijini Ujerumani, alichapisha mwaka 1899 kitabu cha sauti za lugha za Kibantu kilichoonyesha kwamba mabadiliko yake yana sheria. Malcolm Guthrie, aliyeanza kama mmisionari Kongo kisha akafundisha London, alitoa kati ya 1967 na 1971 majuzuu manne yenye mizizi ya pamoja zaidi ya 2,000, na kuzigawa lugha katika kanda za herufi na namba. Humo Kiswahili cha Unguja ni G42d na Kinyarwanda ni D61. A. E. Meeussen na wenzake wa makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels, waliisahihisha hesabu hiyo, wakazipa lugha za Maziwa Makuu kanda yao wenyewe, J. Orodha ya mizizi aliyoianza Meeussen imekua na kuwa hifadhidata kubwa iliyotolewa na Yvonne Bastin, André Coupez, Evariste Mumba na Thilo Schadeberg.

Hata hivyo hakuna mzizi unaoweza kujengwa bila mtu aliyekaa na wasemaji na kuandika wanachosema. Kwa upande wa Kiswahili, Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Padri Charles Sacleux aliishi Zanzibar na Bagamoyo, akakusanya maneno lahaja kwa lahaja, na kamusi yake kubwa ikatoka Paris mwaka 1939. Watu hawa hawakuyapita maneno kama uwele na mwele kwa kuwa yalikuwa yanaanza kuzeeka. Waliyaandika, na kwa hilo sisi tunaweza leo kuiona ndwele ikiwa na jamaa zake.

Kwa upande wa Kinyarwanda, kazi kubwa ilifanyika Butare, ambako Coupez alishirikiana na wataalamu wa Kinyarwanda, Thomas Kamanzi miongoni mwao. Kamusi yao ya Kinyarwanda kwa Kinyarwanda na Kifaransa ilitoka mwaka 2005, na jina lake lenyewe linakufundisha jambo: kwenye jalada Kinyarwanda kimeandikwa na a mbili, ikinyarwaanda, kwa sababu irabu hiyo huvutwa. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi mvuto wala toni. Wao waliyaonyesha yote mawili, neno kwa neno, kwa maelfu ya maneno.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wajitese hivyo. Jibu liko katika lile tumbo la mama. Kwa Kinyarwanda inda ni tumbo, na pia ni mimba. Inda ni chawa vilevile. Kwa maandishi ya kawaida ni neno moja. Kwa sikio la Mnyarwanda ni maneno mawili yasiyochanganyika, kwa kuwa hayatamkwi kwa mvuto na toni zilezile. Kiswahili sanifu kilipoteza toni zamani sana, kwa hiyo kwa jambo hili hakiwezi kumsaidia fundi hata kidogo. Kinyarwanda kinaweza. Nacho Kiswahili kina lake la kusema juu ya inda hiyo ya tumbo: sisi tunasema tumbo, lakini kila siku tunatamka ndani. Nda, tumbo, pamoja na -ni ya mahali. Kuingia ndani ya nyumba ni kuingia tumboni mwake. Neno la mwili lililotoweka katika orodha ya viungo limebaki katika kila mlango tunaoupita.

Ustadi wa fundi unapimwa hasa pale anapokataa undugu. Katika maabara ya Kigali damu inapimwa, na kitenzi cha Kinyarwanda ni gupima. Kiswahili ni kupima. Msikilizaji wa kawaida angefurahi na kusema haya nayo ni ndugu wa damu. Fundi anaishika ile p na kuitazama. Kupa kwa Kinyarwanda ni guha. Kupita ni guhita. Hapa ni aha. Palipo na p ya Kiswahili, Kinyarwanda huwa na h au huiacha kabisa. Kama kupima lingerithiwa, Rwanda lingekuwa guhima. P iliyosimama peke yake katika neno la Kinyarwanda ni alama ya ugeni. Gupima, basi, haikurithiwa. Ililetwa na Kiswahili.

Na bado haijaisha. Mgeni huyo aliingia akiwa kupima, lakini anasemwa gupima. Kinyarwanda hakipendi k ya kiambishi ifuatwe na sauti kama p, t au k. Huilainisha iwe g. Ndiyo maana ni kubona, kuona, lakini gukora, kufanya kazi. Kanuni hii Meinhof aliipa jina la Edmund Dahl, mmisionari aliyeigundua katika lugha ya Kinyamwezi, Tanzania ya leo. Kwa hiyo neno moja la maabara lina ushahidi wa mambo mawili: p inasema limetoka nje, g inasema limekaa nchini kiasi cha kutii sheria za wenyeji. Naona katika silabi hizo tatu historia ya Biryogo yenyewe, ya watu waliokuja na lugha yao, wakaishi na wenyeji mpaka lugha ya wenyeji ikapita katika vinywa vyao.

Dawa nayo ina somo lake. Kiswahili kilichukua dawa kutoka Kiarabu, kama kilivyochukua tiba, afya na homa. Kinyarwanda kimebaki na umuti, na mti wa kawaida kikauita igiti. Mzizi ni uleule wa mti wetu. Wazulu wa Afrika Kusini bado husema umuthi kwa mti na kwa dawa pia. Huko nyuma mti na dawa havikutenganishwa, kwa sababu dawa ilichunwa, ilichimbwa na ilichemshwa kutoka mtini. Kiswahili hakikusahau kabisa: muuzaji wa magome na mizizi sokoni bado anauza dawa za miti shamba.

Mganga ndiye anayehitaji uangalifu zaidi, na hapa ufundi huu unatoka vitabuni na kuingia katika maisha ya watu. Kwa Kinyarwanda muganga ni daktari, yule mwenye koti jeupe. Anayetibu kwa mitishamba ni umuvuzi gakondo. Kwa Kiswahili cha mitaani mganga amesogea upande wa pili, akawa mtu wa tunguri na hirizi, ingawa Tanzania cheo cha juu kabisa cha udaktari serikalini bado kinaitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Mgeni kutoka Mombasa akifika Biryogo na homa, akaambiwa aende kwa muganga, anaweza kudhani anaelekezwa kwa mpiga ramli. Kuganga kwenyewe hakuna lawama hiyo. Kamusi za zamani hulieleza kwa maana ya kuunga na kufunga kitu kilichovunjika au kupasuka, na kwa maana ya kuponya. Mganga ni anayeunga. Ukilijua hilo, methali yetu inapata nguvu yake yote: yaliyopita hayahitaji tiba, tushughulike kuyaunga yajayo.

Najua wapo wanaouona utafiti wa namna hii kuwa starehe ya wasomi. Mimi naona una kazi nzito mbele yake. Rwanda sasa inaandika Kiswahili cha shule na cha ofisi, na mabango ya afya yatafuata. Ugonjwa mmoja huitwa UKIMWI Dar es Salaam na SIDA Kigali na Goma. Mwandishi wa bango anayejua kwamba indwara na ndwele ni mtu na nduguye, kwamba gupima ni kupima, na kwamba muganga wa Kigali si mganga wa kilingeni, atachagua maneno yanayomfikia mama wa kwenye benchi bila kumpoteza. Asiyejua atatafsiri kutoka Kifaransa au Kiingereza, na mama ataondoka na karatasi asiyoielewa ilhali maneno yake mwenyewe yangetosha.

Ninachokipenda zaidi katika ufundi huu ni subira yake kwa jambo lisiloelezeka. Fundi akipata maneno makumi tisa yanayotii kanuni na moja linalokataa, halitupi lile moja. Analiweka mezani, maana mara nyingi ndilo litakalofichua kanuni nyingine au kumtaja mgeni, kama p ya gupima. Mizizi yote yenye kinyota bado inasubiri masikio zaidi, na masikio yanayofaa yapo Nyamirambo: wazee wanaojua majina ya ndwele ambayo hakuna kituo cha afya kinachoyaandika, na vijana wanaosikia mvuto na toni za Kinyarwanda huku wakisoma Kiswahili. Kijana mmoja kati yao akichukua daftari, akamkalisha bibi yake na kumwuliza jina la kila kiungo na kila maradhi, akaandika neno jinsi linavyotamkwa hasa, atakuwa anafanya kazi ileile iliyofanywa Bagamoyo, Butare na Tervuren, na ataifanya akiwa na kitu ambacho Krapf na Sacleux hawakuwa nacho: lugha zote mbili zikiwa za mama yake.